Ushirikiano wa Kimkakati ni Nini Hasa? Somo la Mbaazi, Reli na Bandari

Mwezi Julai 2016 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, alizuru nchi nne za Afrika: Msumbiji, Afrika Kusini, Tanzania na Kenya. Jijini Maputo, India ilitia saini hati ya makubaliano ikijifunga kununua mbaazi na mazao mengine ya jamii ya mikunde kutoka Msumbiji, kuanzia tani 100,000 katika msimu wa 2016/17 na kupanda mwaka hadi mwaka kufikia tani 200,000 katika msimu wa 2020/21. Siku chache baadaye, jijini Dar es Salaam, zilitiwa saini hati nyingine, ukiwemo mkopo wa dola milioni 92 za Marekani kwa ajili ya maji Zanzibar. Kuhusu mbaazi, Tanzania haikuondoka na ahadi ya kiasi cha namna ile.

Mwaka uliofuata India ilivuna vizuri, bei ya mikunde ikaporomoka huko huko kwao, na mwezi Agosti 2017 serikali yake ikatangaza kwamba mbaazi zitakazoingia kutoka nje hazitazidi tani 200,000 kwa mwaka. Tangazo hilo lilikuwa na sentensi moja ya ziada: ukomo huo hautahusu ahadi ambazo serikali imeziweka katika makubaliano na nchi nyingine. Msumbiji ikabaki na mlango wake. Wakulima wa Lindi, Mtwara na Babati, waliokuwa wamepanua mashamba kwa kuvutiwa na bei nono za miaka miwili ya nyuma, wakaona kilo ya mbaazi ikishuka hadi shilingi mia chache. Sisi wa Pwani tunapenda mbaazi za nazi kwa mahamri, lakini hamu yetu ya asubuhi haiwezi kumaliza zao lililolimwa kwa ajili ya soko la watu zaidi ya bilioni moja.

Nimeanza na mbaazi kwa sababu wananchi wengi wanaposikia kwamba nchi yetu ina “ushirikiano wa kimkakati” na dola inayoinukia, huuliza kama rafiki huyo ni mwema au mbaya. Tukio la 2017 linaonyesha kwamba swali hilo halifiki mbali. India haikuwa na ubaya wowote nasi. Ilikuwa inawalinda wakulima wake, jambo ambalo serikali yoyote ingelifanya. Tofauti kati ya Msumbiji na Tanzania haikuwa katika ukubwa wa urafiki. Ilikuwa katika karatasi.

Karatasi hizo zina ngazi zake, na ni vyema mwananchi azifahamu. Tamko la pamoja, ambalo viongozi hulisoma mbele ya kamera, hueleza nia na kwa kawaida halimfungi mtu. Katika tamko ndimo hupandishwa hadhi ya uhusiano: Novemba 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipokuwa Beijing, uhusiano wetu na China ulipandishwa kuwa ushirikiano wa kimkakati wa kina, na Oktoba 2023, alipokuwa New Delhi, uhusiano na India nao ukaitwa wa kimkakati. Hati ya makubaliano hutaja maeneo ya kazi na pengine viwango, kama ile ya Maputo. Itifaki, hasa za kilimo, hueleza kwa kina namna bidhaa itakavyokaguliwa na kufungashwa kabla ya kuingia katika soko la mwenzako. Parachichi letu lilifunguliwa mlango wa China kwa itifaki ya aina hii mwaka 2022. Juu ya zote upo mkataba, ambao ukivunjwa kuna pa kushtakiana. Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba yetu inalipa Bunge mamlaka ya kujadili na kuridhia mikataba inayoihusu Jamhuri ya Muungano ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa.

Ni kwa sababu ya ibara hiyo nchi nzima ilizungumza juu ya bandari mwaka 2023. Makubaliano kati ya Tanzania na Dubai juu ya uendeshaji wa bandari, yaliyotiwa saini Oktoba 2022, yalifikishwa bungeni na kuridhiwa tarehe 10 Juni 2023, na mjadala ukawaka, hasa juu ya ukomo wa muda ambao wakosoaji walisema hauonekani katika maandishi. Mikataba ya utekelezaji iliyotiwa saini Dodoma mwezi Oktoba mwaka huo na kampuni ya DP World ya Dubai ikaja na muda wa miaka 30. Wapo waliouona mjadala ule kuwa fujo. Kwa maoni yangu ulikuwa darasa kubwa la sera ya mambo ya nje, kwa kuwa kwa mara ya kwanza madereva wa bodaboda walikuwa wakibishana juu ya kifungu cha mkataba wa kimataifa kwa kutaja namba yake.

Mfano ulio mzito kuliko yote, hata hivyo, ni TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Katika miaka ya 1960 Tanzania na Zambia ziliomba fedha za reli ya kuikwepa Rhodesia ya kibaguzi, na Benki ya Dunia na nchi za Magharibi zikasema mradi hautalipa. China, ambayo wakati huo ilikuwa nchi maskini na haikuwa na kiti katika Umoja wa Mataifa, ilikubali mwaka 1967. Ilitoa mkopo wa yuan milioni 988 usio na riba, wa kulipwa kwa miaka 30, na reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ikajengwa tangu 1970 hadi 1975, kisha ikakabidhiwa mwaka 1976. Wachina zaidi ya sitini walipoteza maisha katika kazi hiyo. Makaburi ya baadhi yao yapo Gongo la Mboto. Kipengele kimoja kidogo husahaulika: gharama za ndani, kama mishahara ya vibarua, zilitokana na mauzo ya bidhaa za Kichina ambazo nchi zetu zilikubali kuziagiza. Hata katika mkopo wa kindugu, kiwanda cha mkopeshaji kilipata soko.

Urafiki huo ulitulipa pia katika siasa, na sisi tuliulipa. Mwaka 1971 Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kuitetea China ipewe kiti chake New York, ujumbe wetu ukiongozwa na Salim Ahmed Salim. Miaka kumi baadaye, Salim alipogombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, China ilimpigia Kurt Waldheim, katibu mkuu aliyekuwa akitaka kuendelea, kura ya turufu mara 16. Marekani nayo ikamzuia Salim, na kiti kikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Rafiki alisimama hadi mwisho, lakini katika chumba kile alikuwepo pia mwingine mwenye turufu.

Reli yenyewe haikubebwa na urafiki. Katika miaka yake bora ilisafirisha zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka. Katika mwaka wa fedha wa 2014/15 haikufika hata tani 100,000. Mkopo nafuu ulijenga njia, lakini matengenezo, vichwa vya treni na maamuzi ya haraka ya wamiliki wawili vilibaki kuwa kazi yetu na ya Wazambia. Mwaka 2025 kampuni ya CCECC ya China ilipewa kuiendesha na kuikarabati kwa miaka 30, kwa uwekezaji wa dola bilioni 1.4. Safari hii mwenzetu anakuja kama mwekezaji anayetaka faida, na jambo hilo si baya, mradi tusisome mkataba wa 2025 kwa miwani ya 1967.

Bagamoyo inatufundisha upande mwingine. Mradi wa bandari uliokubaliwa mwaka 2013, wakati Rais Xi Jinping alipozuru Dar es Salaam, na ambao Oman pia iliingia, ulikwama pale Rais John Magufuli aliposema mwaka 2019 kwamba masharti yake angeyakubali mwendawazimu tu. Nchi iliweza kukataa kwa sababu ilikuwa na pa kwenda. Reli ya kisasa ilianza kujengwa na kampuni ya Uturuki, Yapı Merkezi, pamoja na Mota-Engil ya Ureno. Sehemu ya fedha ikapatikana kwa dhamana ya taasisi za Denmark na Sweden. Na kipande cha Mwanza hadi Isaka wakapewa Wachina. Katika bandari ya Dar es Salaam leo DP World iko upande mmoja, na kampuni ya Adani ya India upande wa pili. Kutofungamana na upande wowote, tulikokurithi tangu enzi za Mwalimu, siku hizi kunaonekana zaidi katika orodha ya wakandarasi kuliko katika hotuba.

Majirani nao wanachagua njia zao. Uganda imekuwa nchi mbia wa BRICS, kundi la Brazil, Urusi, India, China, Afrika Kusini na wenzao, tangu Januari 2025. Tanzania ilizindua toleo jipya la Sera ya Mambo ya Nje mwezi Mei 2025, ikiendelea na diplomasia ya uchumi iliyoanza na sera ya 2001.

Turudi kwenye mbaazi. Mwaka 2021 India ilifungua tena soko lake, na mwaka huo huo Malawi nayo ikapata hati ya kuuza tani 50,000 kila mwaka kwa miaka mitano. Mbaazi zetu huingia kwa tangazo la jumla la serikali ya India, ambalo miaka hii limekuwa likiongezwa muda hadi tarehe 31 Machi ya mwaka unaofuata. Mkulima wa Babati hupanda kabla ya tarehe hiyo na kuvuna miezi kadhaa baada yake.