Asilimia 98 ya nini?

"Oksijeni yake ni 98, kwa hiyo damu anayo ya kutosha." Sentensi hii imeshazoeleka. Utaisikia kwa ndugu waliokuja kumwona mgonjwa, utaisikia kwenye maduka ya vifaa tiba, na siku hizi hata baadhi ya watu waliosomea mambo haya wanaitamka bila kupepesa macho. Mtu kabanwa kile kidude cha kidoleni, kioo kimeonyesha 98, ukoo mzima unashusha pumzi. Namba yenyewe haina kosa lolote. Tatizo ni kuilazimisha ijibu swali ambalo haikuulizwa.

Maana kwanza, tena kwa kifupi. Kidude hicho ni oksimita ya mpigo. Kinapitisha mwanga kwenye kidole, kisha kwa kuangalia mwanga uliofika upande wa pili kinakadiria ni sehemu gani ya hemoglobini (protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni) iliyomo kwenye damu ya ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni, imebeba oksijeni. Sehemu hiyo ndiyo wahudumu wanayoiita saturesheni, na kwenye kioo huandikwa SpO2. Mtu mzima mwenye afya, asiyeishi milimani, kwa kawaida husoma kati ya 95 na 100. Saa na pete za kupima afya zinafuata kanuni ileile, ila mwanga wake hauvuki upande wa pili. Unaingia kwenye ngozi kidogo, kisha sehemu yake inarudi ulikotoka. Hiyo inatosha kwa maana.

Sasa tuje kwenye neno "asilimia", ambalo watu hulipita mbio. Molekuli moja ya hemoglobini ina nafasi 4 za kubebea oksijeni. Chukua Hiace na basi la mkoani. Viti vikikaliwa vyote, kila gari limejaa asilimia 100, lakini hakuna kondakta atakayekwambia yamebeba abiria sawa. Oksimita inatazama viti vilivyokaliwa kati ya vile vilivyopo. Viti vipo vingapi, hilo hailijui kabisa.

Tuweke hesabu, maana hapa ndipo ubishi huisha. Gramu moja ya hemoglobini hubeba takriban mililita 1.34 za oksijeni. Mwenye hemoglobini ya gramu 14 kwa desilita, akiwa na saturesheni ya 98, kila desilita ya damu yake imebeba kama mililita 18 za oksijeni. Mwenye gramu 5, naye saturesheni yake ikiwa hiyohiyo 98, amebeba mililita 6 na nusu hivi. Mashine itawasoma sawasawa. Mmoja yuko sokoni anabishana bei ya nyanya, mwingine anahitaji damu haraka.

Kwetu hili si jambo la kinadharia. Mtoto analetwa na malaria kali. Anapumua kwa kasi, moyo unakimbia, viganja vimepauka, ukimfunua kope kwa ndani wekundu haupo. Anabanwa oksimita: 98. Mashine haidanganyi hapo. Mapafu yake yanafanya kazi, na kila chembe nyekundu iliyobaki inajazwa oksijeni vizuri. Chembe zenyewe ndizo zimekwisha. Ndiyo maana muuguzi mzoefu haiachi ile namba imtulize. Anaangalia viganja, anaangalia kope, anaagiza kipimo cha HB, yaani wingi wa hemoglobini. Vivyo hivyo kwa mjamzito mwenye damu kidogo na kwa mgonjwa wa selimundu. Saturesheni inaeleza zaidi kama oksijeni imefika kwenye damu kutoka kwenye mapafu, na kwa nimonia ni kipimo cha thamani kubwa. Wingi wa damu una kipimo chake, na hakifanyiki kwa kubana kidole.

Kuna hali ambayo inatisha zaidi, kwa sababu namba huwa nzuri na mtu anakufa. Msimu wa baridi, Njombe, Makete, Limuru na kwingineko, watu huingiza jiko la mkaa chumbani, hufunga madirisha, hulala. Mkaa ukiungua pasipo hewa ya kutosha hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huing'ang'ania hemoglobini kwa nguvu kuliko oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Hemoglobini iliyotekwa na gesi hiyo, mbele ya mwanga mwekundu, inafanana sana na iliyobeba oksijeni. Oksimita ya kawaida haiwezi kuwatenganisha abiria hao wawili. Inaona viti vimekaliwa, inaandika 98. Aliyetolewa chumba chenye jiko la mkaa akiwa amelegea na kichwa kinamgonga, apewe oksijeni na apelekwe hospitali bila kusubiri namba ishuke, kwa sababu huenda isishuke.

Inakuwaje mashine iwe na akili kiasi hicho halafu ikwame hapo? Jibu limo kwenye jinsi ilivyobuniwa. Hemoglobini yenye oksijeni na isiyo nayo hutofautiana rangi. Isiyo na oksijeni hunyonya zaidi mwanga mwekundu, na yenye oksijeni hunyonya zaidi mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho. Oksimita nyingi za kidole hutumia mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 660 kwa mwekundu na takriban 940 kwa infraredi. Taa mbili, maswali mawili. Hemoglobini ya aina ya tatu, kama ile iliyotekwa na monoksidi ya kaboni, ikiingia, maswali hayo hayatoshi tena.

Kulinganisha rangi mbili kulijulikana mapema. Vipimo vya kubana sikioni vilikuwapo tangu miaka ya 1930 na 1940, lakini vilisumbua, kwa kuwa mwanga hunyonywa pia na ngozi, nyama, mfupa na damu ya vena, mishipa inayorudisha damu moyoni. Kujua kipi kimenyonya nini ilikuwa kazi. Aliyefungua fundo ni mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi wa kampuni ya Nihon Kohden, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na wala hakuwa akitafuta oksijeni. Alikuwa akipima kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo, kwa kudunga rangi kwenye mshipa na kuifuatilia sikioni kwa mwanga. Mchoro wake ukawa unachezacheza kwa sababu ya mapigo, akaamua kuyafuta kwa kutumia mwanga wa pili. Akafanikiwa, mpaka pale oksijeni ya mtu ilipobadilika. Hapo mapigo yakakataa kufutika. Wengi wangelaani kifaa. Yeye aliona kwamba kinachomharibia kipimo ndicho kipimo chenyewe. Kinachobadilika kwa kila pigo ni damu ya ateri tu, kwa hiyo ukiacha vyote vilivyotulia na kufuata kile kidogo kinachodunda, umeitenga ateri bila sindano. Wazo hilo liliwasilishwa mwaka 1974. Aoyagi alifariki Aprili 2020, wakati dunia nzima ikigombania oksimita kwa ajili ya Uviko.

Neno "kidogo" hapo juu lichukuliwe kwa uzito. Kinachodunda mara nyingi ni kama asilimia moja au mbili tu ya mwanga wote. Ndiyo sababu mkono wa baridi unavuruga usomaji, na kidole kinachotetemeka, na rangi nzito ya kucha. Bibi harusi wa pwani mwenye piko nyeusi iliyokolea vidoleni anaweza kuifanya mashine ishindwe kabisa kusoma, mbane sikioni. Kifaa hiki si pambo. Orodha ya Shirika la Afya Duniani ya upasuaji salama, iliyojaribiwa mwaka 2007 na 2008 katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa ya Ifakara, inauliza kabla mgonjwa hajalazwa usingizi kama oksimita imewekwa na inafanya kazi.

Ngozi nayo ina neno. Kinadharia melanini, ile inayoipa ngozi weusi wake, haipaswi kuleta shida, maana haidundi, na kisichodunda kinaachwa kwenye hesabu. Kiutendaji haikuwa hivyo. Namba unayoiona imetoka kwenye jedwali lililotengenezwa kwa kuwapumulisha watu wenye afya hewa yenye oksijeni pungufu huku damu ya ateri ikichukuliwa na kupimwa maabara, na kwa muda mrefu watu hao wengi wao walikuwa weupe. Onyo lilikuwapo tangu utafiti wa Jubran na Tobin wa mwaka 1990. Desemba 2020 watafiti wa Michigan, Marekani, walichapisha ulinganisho wa oksimita na damu ya ateri: kati ya wagonjwa ambao mashine iliwasoma 92 hadi 96, waliokuwa chini ya 88 kwa kweli walikuwa asilimia 11.7 kwa weusi na 3.6 kwa weupe. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013 wa kujaribu oksimita uliridhika na washiriki wawili wenye ngozi nyeusi iliyokolea, au asilimia 15 ya washiriki wote, ipi iwe kubwa. Rasimu ya Januari 2025 inataka washiriki wengi zaidi na rangi za ngozi zipimwe kwa utaratibu unaoeleweka. Imechukua muda, kusema kwa adabu. Kwa msomaji wetu maana yake ni moja: 93 kwenye kidole cheusi si namba ya kuzembea nayo, na mwelekeo wa namba saa hadi saa, pamoja na hali ya mgonjwa, una uzito kuliko usomaji mmoja.

Nimalizie na saa, kwani huko nako maneno yamechanganyika. Ile taa ya kijani inayowakawaka chini ya saa inahesabu mapigo. Kijani kimechaguliwa kwa sababu damu hukinyonya sana na hakizami mbali, hivyo mkono ukicheza hakisumbuliwi kama mwekundu. Saa yenye kupima saturesheni huongeza taa nyekundu na ya infraredi, na kwa kuwa inategemea mwanga uliorudi kutoka kifundo cha mkono, huyumba kuliko ya kidole. Sukari ni habari nyingine kabisa: Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai yenyewe kupima sukari bila kutoboa ngozi. Zile zinazouzwa kwa bei ya chipsi kuku na kuonyesha sukari, ukiifunga moja kwenye ndizi inaweza kukupa jibu pia.

Halafu kuna presha. Mwanga hauoni presha. Unaona damu ikijaa na kupungua. Saa zinazotoa namba ya presha kwa mwanga zinakisia kutokana na umbo la wimbi hilo, na Samsung, kwa mfano, hutaka saa yake ilinganishwe na mashine ya kubana mkono kila baada ya siku 28. Kwa hiyo mzee wangu anayenyoosha mkono na kusema "presha yangu leo 72, niko sawa", hiyo 72, shikamoo, ni mapigo ya moyo kwa dakika. Presha huja na namba mbili, moja juu ya nyingine, na ile mashine ya mkanda ipo pale zahanati.