Gome la Porini Si Lazima Liwe Kali Zaidi

Ukiulizia gome la msokonoi, mti wa dawa (Waganda huuita abasi), katika soko la Owino, Kampala, huenda ukaambiwa la msituni ndilo dawa, la kupandwa halina nguvu. Imani hiyo imeenea, lakini sababu yake, kwamba shamba hubadilisha jeni za mti, haishiki.

Mche ulioota kwa mbegu ya msitu wa Mabira ukapandwa Mukono una jeni zilezile za msituni. Shamba halibadilishi urithi wa mti. Kinachobadilisha nguvu ya gome ni mazingira: udongo, jua, maji, wadudu, pamoja na umri wa kuvunwa. Wanaobandua gome la mti mchanga wasisingizie jeni.

Tofauti ya kijeni huja binadamu anapochagua. Akikata vipandikizi vya mti mmoja tu, shamba zima huwa mapacha. Mama akiwa hafifu, wote hafifu. Akichagua mbegu za mimea bora kizazi baada ya kizazi, dawa huongezeka. Artemisia, mmea wa dawa ambao asili yake ni Uchina na unaolimwa hata Kabale, ni ushahidi: mbegu zilizoboreshwa hutoa artemisinini, kiini cha dawa za malaria, nyingi kuliko mimea mingi ya porini.

Msitu umeizidi bustani kwa kitu kingine, utofauti. Mti huu mkali, jirani yake hafifu, wa tatu unastahimili ukame. Humo ndimo mbegu bora huchaguliwa. Anayechuna gome kuzunguka shina lote mara nyingi huua mti, pamoja na jeni ambazo hakuna aliyewahi kuzipanda.