Yautja ni viumbe gani?

Yautja ni jamii ya viumbe wa kubuni kutoka sayari nyingine, wale ambao wapenzi wengi wa sinema wamezoea kuwaita Predator. Walionekana mara ya kwanza mwaka 1987, katika filamu ya jina hilo iliyoongozwa na John McTiernan: Arnold Schwarzenegger na kikosi chake wako msituni Amerika ya Kati, wanapukutika mmoja mmoja mikononi mwa kitu wasichokiona. Humo neno Yautja halitajwi kabisa. Lilikuja baadaye, katika riwaya ya mwaka 1994 ya Steve Perry na Stephani Perry, mashabiki wakalidaka, na leo ndilo jina la jamii nzima.

Sura yao ni kazi ya Stan Winston, fundi wa kutengeneza viumbe vya sinema. Kimo kinapita mita 2, nywele ni kama rasta nene, damu ni ya kijani na inang'aa, na mdomo umezungukwa na taya nne za nje zinazofunguka kama miguu ya kaa. Wazo la taya hizo alilitoa mwongozaji wa filamu James Cameron.

Lakini ukiishia kwenye sura hujamwelewa Yautja. Majitu ya kutisha kutoka angani yamejaa kwenye filamu, na mengi yanakuja kuteka dunia au kutula. Huyu hana haja na dunia yetu wala na nyama yetu. Anakuja kuwinda, na akimaliza anaondoka na nyara: fuvu, mara nyingine pamoja na uti wa mgongo, analolisafisha taratibu mpaka ling'ae. Katika filamu ya pili, ya mwaka 1990, tunaingia ndani ya chombo chao na kukuta mafuvu ya viumbe wa kila aina yametundikwa ukutani, likiwemo la yule kiumbe wa filamu za Alien.

Anawinda nani, basi? Jibu zuri kuliko yote limo katika filamu ya Prey ya mwaka 2022, inayosimulia nchi ya Wakomanchi, wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, mwaka 1719. Panya anakamatwa na nyoka. Yautja anamuua nyoka. Mbwa mwitu anamkimbiza sungura. Anayekufa ni mbwa mwitu, sungura anaenda zake. Kisha inafika zamu ya dubu. Kila mahali anamtafuta yule anayewawinda wengine, na anapofika kwa binadamu anaendelea na hesabu ileile. Naru, msichana shujaa wa filamu hiyo, ananusurika kwa muda kwa sababu jitu halimhesabu kuwa tishio. Baadaye dharau hiyo inaligharimu.

Hapo ndipo zinapotoka zile zinazoitwa sheria zao. Asiye na silaha haguswi: mwaka 1987 mwanamke pekee aliye na kikosi anaachwa hai kwa kuwa mikono yake mitupu. Katika filamu ya pili, mtoto anamwelekezea bastola. Yautja anaikagua, anagundua ni ya kuchezea, anamwacha. Polisi mjamzito naye anaachwa. Na askari anayemshinda mmoja wao hashambuliwi na wenzake waliobaki, bali mkubwa wao anamrushia zawadi, bastola ya kale iliyochongwa mwaka 1715.

Wengi huiita hii heshima ya mwindaji. Mimi nasita kidogo. Ni heshima gani hiyo ya kuja na kifaa kinachokufanya usionekane, kinyago kinachoona joto la mwili, na bunduki ya begani inayomwekea mtu vitone vitatu vyekundu kabla ya kumlipua? Kweli, mwishoni mwa filamu ya kwanza anavua kinyago na silaha zake nzito ili apigane mkono kwa mkono, lakini akishindwa anawasha bomu lililo mkononi mwake huku akicheka. Nadhani ni sahihi zaidi kusema wana kanuni za mchezo, na kanuni wamezitunga wenyewe.

Kanuni hizo huanza na wao kwa wao. Katika filamu ya mwaka 2004 iliyowakutanisha na viumbe wa Alien, vijana watatu wanashuka chini ya barafu ya Antaktika kwa jando lao: anayeua anajichora alama kwa damu ya windo lake, damu inayounguza kama tindikali. Alexa Woods, binadamu aliyepigana bega kwa bega na mmoja wao, naye anachorwa shavuni.

Predator: Badlands ya mwaka 2025 imegeuza kamera kabisa, ikamfanya Yautja mwenyewe kuwa mhusika mkuu. Dek ni mdogo wa umbo, ukoo unamwona dhaifu, na baba yake mzazi anaagiza auawe. Anakimbilia sayari nyingine kuwinda mnyama ambaye hakuna aliyewahi kumweza, ili arudi na nyara itakayomfanya ahesabiwe.