Wodini tunataka mwanga, si jua

Kila ninapoitwa kusanifu jengo la afya huku Pwani, mteja huja na picha kwenye simu: hospitali ya Ulaya iliyozungushiwa kioo kuanzia chini hadi paani. "Tunataka kama hii." Naielewa hamu hiyo, kwani wodi zetu nyingi ni za giza. Lakini kule wanalitafuta jua kwa shida. Malindi iko nyuzi 3 na ushei kusini mwa ikweta, na jua letu linajileta lenyewe bila kualikwa.

Tunachohitaji wodini ni mwanga wa anga, ule uliotawanyika. Miale inayomwangukia mgonjwa kitandani ni joto tu, na inatia kiwi. Kioo cheupe cha kawaida cha milimita 6 hupitisha takriban asilimia 80 ya joto la jua linalokipiga.

Kuna wodi moja ya kina mama hapa mjini yenye ukuta mzima wa kioo upande wa magharibi. Ukiingia saa tisa alasiri utakuta vioo vimebandikwa maboksi ya dripu yaliyokatwa kwa mkasi, selotepu imekauka na kukunjamana, na taa zinawaka mchana kweupe. Sista wa zamu aliniambia, "Kaka, hapa vitanda vilikuwa vinachoma. Mama ametoka kujifungua sasa hivi, nimlaze juani?" Kwa maoni yangu, maboksi yale ndiyo usanifu wa maana pekee uliofanyika upande ule.

Kwa hiyo mimi huanza na kivuli, kioo baadaye. Jengo nalilaza kwa urefu wake mashariki na magharibi, madirisha yatazame kaskazini na kusini. Jua la adhuhuri hapa hupita juu sana: hata mwezi wa Juni, likiwa limefika mwisho wake wa kaskazini, kimo chake ni nyuzi 63 hivi kutoka upeo wa macho. Upenu wa sentimita 90, ukianzia pale pale juu ya dirisha lenye kimo cha mita 1.2, hulikinga kuanzia kama saa tatu na nusu hadi saa tisa. Desemba likiwa kusini, kazi ni nyepesi zaidi. Upande wa magharibi hesabu hii haifui dafu, maana jua la jioni hupenya chini ya upenu wowote ule. Huko weka stoo, ngazi na vyoo.

Mpangilio huo huo hupokea pepo za Kusi na Kaskazi, na upepo hospitalini si anasa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2009 unataka lita 60 za hewa kwa sekunde kwa kila mgonjwa katika wodi za kawaida, na lita 160 palipo na maradhi ya kuenezwa kwa hewa, kama kifua kikuu. Kioo kisichofunguka hakikupi hata lita moja. Ndiyo maana bado napenda luva, vile vipande vyembamba vinavyofunguka na kufungwa, ingawa wenzangu wananicheka. Naziweka juu, karibu na dari, na chini yake dirisha la kufungua. Wavu wa mbu hupunguza upepo, basi nafasi iongezwe.

Kisha jilaze kwenye kitanda cha wodi uone mgonjwa anaona nini. Mafundi wengi huanza dirisha mita 1.2 kutoka sakafuni, na aliyelala huambulia kipande cha anga. Mimi huanza sentimita 70. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha utafiti kutoka hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani: wagonjwa 46 waliopasuliwa kibofu cha nyongo, nusu vitanda vyao vikitazama miti, nusu ukuta wa matofali. Waliotazama miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema kidogo, na walitumia dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi. Sisi tuna minazi na miarobaini, na ujenzi ukianza huwa ndivyo vitu vya kwanza kukatwa.

Jambo ninalobishania kila mara ni kioo cha buluu. Kimekuwa fasheni. Maofisini sina neno, ila wodini hubadilisha rangi ya mwanga, na daktari husoma ngozi: weupe wa upande wa ndani wa kope kwa asiye na damu ya kutosha, umanjano kwa mtoto mchanga. Mwongozo wa Uingereza kuhusu manjano ya watoto unaelekeza mtoto avuliwe nguo na atazamwe penye mwanga mwingi, ikiwezekana wa asili. Kioo kiwe cheupe. Kupunguza jua ni kazi ya upenu.

Lamu ina shida yake nyingine. Kila kipande huvushwa kwa boti kutoka Mokowe, kisha hupitishwa vichochoroni kwa mkokoteni au mabegani. Kidirisha kidogo kikivunjika hubadilishwa siku hiyo hiyo. Kioo cha mita 2 kikivunjika kitazibwa kwa mbao na mbao zitabaki. Mji wa kale ulishatatua suala la mwanga kwa kiwanda cha katikati, yaani ua wa wazi ndani ya nyumba, na vyumba vyembamba, visivyozidi mita 3 hivi kwa sababu ya urefu wa boriti, kwa hiyo mwanga hufika hadi ukuta wa nyuma.

Na kabla hujatia sahihi, muulize fundi wa aluminiamu anatumia skrubu gani. Dai za stenlesi. Chuma cha kawaida kikigusana na aluminiamu penye hewa ya chumvi, kinachoanza kuliwa ni fremu.