Uongozi wa jamii hausubiri miaka 18

Wazazi wengi nchini Tanzania, na hata baadhi ya viongozi wa mitaa, huamini kwamba kijana aliye chini ya miaka 18 hana nafasi katika uongozi wa jamii, kwa hiyo anapoitwa huitwa kufagia soko au kuzibua mitaro, kisha hurudishwa nyumbani kabla kikao hakijaanza. Dhana hii inachanganya mambo mawili. Ni kweli kwamba kupiga kura, na kuwa mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, kunahitaji umri wa miaka 18. Lakini kura si mlango pekee wa kuingilia katika maamuzi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto mwenye uwezo wa kuunda maoni haki ya kuyatoa, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake, na mabaraza ya watoto yapo kwa ajili hiyohiyo.

Kinachokosekana mara nyingi, kwa maoni yangu, ni utaratibu. Vijana wanaosafisha kisima ndio wanaojua saa ambazo foleni huwa ndefu na mahali ambapo bomba huvuja, kwa kuwa wao ndio huchota maji. Wakiruhusiwa kupanga zamu, kutunza daftari la michango na kusoma taarifa yao mbele ya wazee, hapo wanakuwa wameshiriki kuongoza. Wakipewa mafagio tu, wametumwa.