Kwa nini dosari ya Python ikisharekebishwa bado husubiri tarehe?

Tuseme Jumatatu mtu anagundua dosari kwenye Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Jumatano mwingine, anayeishi bara jingine kabisa, ameshaandika marekebisho, na kufikia Ijumaa wakaguzi wameyapitisha. Je, Jumamosi utayapata kwenye kompyuta yako? Hapana. Kwa kawaida yatakaa wiki kadhaa, pengine karibu miezi miwili, yakingoja siku iliyokwisha kuandikwa kwenye ratiba. Kazi imekamilika, kila mtu anaweza kuiona, na bado inangoja. Kwa nini?

Jibu linaanzia kwenye namba za matoleo. Chukua 3.13.4. Ile 13 ya katikati ndiyo toleo la mwaka, lile linalokuja na mambo mapya. Ile 4 ya mwisho ni toleo la matengenezo, la nne tangu 3.13 izaliwe. Toleo la matengenezo haliruhusiwi kuleta kitu kipya hata kiwe kizuri namna gani. Linaziba matundu tu. Programu uliyoiandika kwa 3.13.0 inatakiwa iendelee kufanya kazi chini ya 3.13.4 bila kuguswa hata herufi moja, na vipande vya ziada vilivyoandikwa kwa lugha ya C na kujengwa kwa ajili ya 3.13.0 navyo vinatakiwa vipokelewe vilevile.

Ratiba za aina mbili hizi hazifanani, moja ni ya kila mwaka na nyingine ya takriban kila miezi miwili, ila zimetokana na wazo moja, na wazo hilo mtu yeyote aliyewahi kusafiri kwetu analijua. Daladala hungoja ijae ndipo iondoke. Basi la mkoani huondoka saa 12 asubuhi, uwe umefika au hujafika. Kwa abiria mmoja aliyechelewa, daladala ina huruma zaidi. Lakini anayekwenda kupokea mgeni upande wa pili anaweza kupanga siku yake kwa kutegemea basi tu.

Hapo zamani Python ilitoa toleo jipya takriban kila baada ya miezi 18. Ukikosa basi la leo na linalofuata ni mwaka mmoja na nusu mbele, utajisukuma ndani hata kama mzigo wako haujafungwa vizuri. Mwaka 2019 Łukasz Langa aliandika pendekezo linalojulikana kama PEP 602, likakubaliwa, na kuanzia Python 3.9 toleo jipya hutoka kila Oktoba. Mwezi huo haukuokotwa tu. Wasanidi wakuu wa lugha hiyo hukutana mara moja kwa mwaka kufanya kazi pamoja ana kwa ana, na Oktoba huwa karibu na mkutano huo. Mlango wa mambo mapya nao hufungwa Mei, karibu na kongamano la PyCon la Marekani, ambako wasanidi wengi huketi meza moja kwa siku chache. Kwa hiyo kalenda imefuata maisha ya watu. Napenda jambo hili kwa sababu wengi wa watu hao wanajitolea, na mtu anayejitolea ni lazima ajue mapema ni wiki ipi ataombwa akeshe.

Na basi likikaribia kuondoka huku mzigo mmoja una shaka? Unashushwa. Python 3.13 ilipangwa kutoka tarehe 1 Oktoba 2024. Siku chache kabla, ilibainika kwamba badiliko moja katika namna lugha inavyosafisha kumbukumbu ya kompyuta lilikuwa linapunguza kasi ya baadhi ya programu. Hawakuahirisha toleo kwa miezi ili walinyooshe. Waliliondoa, wakatoa nakala moja zaidi ya majaribio, na 3.13 ikatoka tarehe 7.

Sasa turudi kwenye marekebisho yetu ya Ijumaa, kwa kuwa ndiko swali lilikoanzia.

Marekebisho huingia kwanza kwenye shina, yaani msimbo wa toleo la mwaka ujao. Kutoka hapo hunakiliwa kwenye matawi ya matoleo ambayo bado yanahudumiwa. Kunakili huku hufanywa na roboti ya programu inayoitwa Miss Islington: msanidi anaweka alama kwamba badiliko hili lipelekwe 3.13, na roboti inajaribu. Mara nyingi inafaulu. Lakini shina na tawi huwa vimeshaachana, kwa hiyo pengine mistari haipatani tena na ni lazima binadamu akae aandike upya kwa mkono. Baada ya hapo majaribio huendeshwa kwenye kundi la mashine za kila aina, nyingi zikiwa zimetolewa na watu wa kujitolea: Windows, macOS, Linux za namna mbalimbali, vichakataji vya kila sampuli. Mashine nyingine ni za polepole, na kuna dosari zinazojionyesha huko tu.

Kisha kuna siku yenyewe ya kutoa. Kila toleo la mwaka lina msimamizi wake, na huyo hulibeba mpaka mwisho wa uhai wake. Langa alichukua 3.8 na 3.9, Pablo Galindo Salgado 3.10 na 3.11, Thomas Wouters 3.12 na 3.13, Hugo van Kemenade 3.14 na 3.15. Msimamizi hufunga tawi, huhakikisha hakuna dosari iliyotiwa alama ya kuzuia toleo, kisha hutengeneza vifurushi vya msimbo. Mtaalamu mwingine hujenga kisakinishi (faili la kuiweka Python kwenye kompyuta) cha Windows, mwingine cha macOS. Kila faili hutiwa saini ya kidijitali ili anayepakua ajue halikuchezewa njiani. Shughuli hii, hata ikienda vizuri, humla mtu sehemu kubwa ya siku. Kuifanya kwa kila dosari moja haiwezekani, maana mabadiliko huingia karibu kila siku.

Lakini uchovu si sababu kuu. Sababu kuu ni kwamba kila toleo, hata la kuziba tundu, linaweza kutoboa jipya.

Mfano ulio wazi zaidi ni 3.9.3. Ilitoka Ijumaa Kuu, tarehe 2 Aprili 2021. Ndani yake kulikuwa na marekebisho yaliyobadilisha, bila kukusudiwa, mpangilio wa data fulani ya ndani. Kwenye mifumo ya biti 32, baadhi ya vipande vya C vilivyojengwa kwa 3.9.0 hadi 3.9.2 vilianza kuanguka. Hiyo ndiyo ahadi hasa ambayo toleo la matengenezo halipaswi kuivunja. Toleo likaondolewa, na Jumapili ya Pasaka, siku mbili baadaye, 3.9.4 ikatoka. Kuna watu waliotumia sikukuu yao kwa ajili hiyo.

Juni 2025 ilikuwa zamu ya 3.13.4. Ilitoka tarehe 3 kwa mujibu wa ratiba, ikiwa na marekebisho muhimu ya usalama. Kumbe kwenye Windows waliotaka kujenga vipande vyao vya C kwa Python ya kawaida hawakuweza tena. Tarehe 11 ikatoka 3.13.5, nje ya ratiba.

Tazama basi linalotokea kwa upande wa wapokeaji. Fikiria mhandisi mwenye seva mia mbili. Kila namba mpya ikitoka, anapaswa kuijaribu kabla ya kuisambaza, na wanaotengeneza mifumo ya Linux wanapaswa kuifungasha upya. Ukimletea toleo kila wiki, ataacha kulijaribu, au ataacha kulipokea kabisa, na hapo marekebisho yako yote hayana faida kwake. Ukimletea kila baada ya miezi miwili, anaweza kuliandika kwenye ratiba yake. Miezi miwili pia huwapa muda wale wanaotumia msimbo moja kwa moja kutoka kwenye tawi kukutana na kasoro kabla haijasambaa. Ndiyo maana nasema kungoja kule ni sehemu ya matengenezo yenyewe.

Ratiba huvunjwa, bila shaka. Dosari ikiwa kubwa, au toleo lililotoka likiwa limeharibu kitu, hawangojei, kama tulivyoona. Mwaka 2022 kulikuwa na kisa kizito zaidi. Kugeuza maandishi marefu sana ya tarakimu kuwa namba huchukua muda unaokua haraka kuliko urefu wa maandishi yenyewe, kwa hiyo mshambuliaji angeweza kuipelekea seva tarakimu nyingi mno na kuikwamisha. Septemba ya mwaka huo matoleo ya usalama ya 3.7, 3.8, 3.9 na 3.10 yalitoka karibu kwa pamoja, yakiweka kikomo cha tarakimu 4,300. Wanahisabati wanaoshughulika na namba ndefu walikuta programu zao zilizokuwa zikifanya kazi zimegoma, mpaka waondoe kikomo wenyewe. Hapa kanuni mbili ziligongana, ya kutomvunjia mtu programu na ya kulinda seva, na ulinzi ukashinda. Naamini walichagua sawa, ingawa najua wapo wasiokubali mpaka leo.

Kila toleo la mwaka huhudumiwa miaka mitano. Mwanzoni dosari za kila aina hurekebishwa, na visakinishi vya Windows na macOS hutolewa. Zamani kipindi hicho kilikuwa mwaka mmoja na nusu, kuanzia 3.13 kimekuwa miaka miwili. Muda unaobaki ni wa dosari za usalama pekee, matoleo hayafuati tena mwendo wa miezi miwili, na kinachotolewa ni msimbo tu, bila kisakinishi. Watu wengi hushangaa wanapotafuta kisakinishi cha 3.11.14 kwa ajili ya Windows wasikione. Hakikutengenezwa.

Ni Python 2.7 pekee iliyopewa uhai usio wa kawaida. Ilitoka Julai 2010 na ilikuwa izikwe 2015, lakini watu waliohamia Python 3 walikuwa wachache kuliko ilivyotarajiwa, kwa hiyo mwaka 2014 muda ukasogezwa hadi 2020. Toleo lake la mwisho, 2.7.18, lilitoka Aprili 2020.

Ukitaka kujua kompyuta yako iko wapi kwenye kalenda hii, fungua dirisha la amri, andika python3 --version, kisha tazama namba ya katikati. Ubuntu 22.04, mojawapo ya mifumo ya Linux, inakuja na 3.10, iliyotoka Oktoba 2021, kwa hiyo wasanidi wa Python wanaiacha Oktoba 2026. Ubuntu 24.04 inakuja na 3.12, ambayo ina mpaka Oktoba 2028.