Mwendesha Mdahalo Ana Kura Yake

Mdahalo wa wagombea ukiisha, taa hata hazijazimwa ukumbini, mazungumzo huwa yameshahama. Bei ya unga imesahaulika, mashamba yamesahaulika. Anayejadiliwa ni aliyeuliza maswali. "Ulimwona anavyomkata kauli mtu wetu?" "Huyo kanunuliwa." Na hakosi kutokea mmoja wa kufunga mjadala kwa methali: mwamba ngoma huvutia kwake.

Methali hiyo ni ya kweli. Nimeendesha midahalo ya wagombea wa wadi, redioni na kwenye kumbi za kijamii huku Pwani ya Kenya, na sikumbuki hata mmoja ambao sikuwa na mtu ninayemtaka moyoni. Ninachopinga ni yale yanayojengwa juu ya methali: kwamba kwa kuwa kila mtu huvutia kwake, mdahalo wa haki hauwezekani, au kwamba ukimpata mtu asiye na upande, kazi imekwisha. Dhana zote mbili zinatufanya tukodoe macho pasipo na shida, huku upendeleo wenyewe ukipita mlango wa nyuma.

"Anayefaa ni yule asiye na maoni"

Mtu aliyesoma manifesto zote, akahudhuria mikutano ya hadhara, akakumbuka nani aliahidi nini miaka mitano iliyopita, kisha asiwe na maoni yoyote, huyo ama anaficha ama hakuwa akisikiliza. Wapo waliojitahidi kuyaweka mbali. Leonard Downie, aliyekuwa mhariri mtendaji wa gazeti la Washington Post kuanzia 1991 hadi 2008, aliacha hata kupiga kura, asije akajikuta amechagua upande hata faraghani. Namheshimu kwa hilo. Lakini kutoweka alama kwenye karatasi hakuondoi kile ambacho kingeusukuma mkono kuiweka.

Tazama mwalimu anayesahihisha mtihani wa kitaifa. Ana shule aliyosoma, ana kijiji chake, ana ndugu. Hatumwambii aache kuwa na ndugu. Tunampa mwongozo wa kusahihisha, na kazi yake inapitiwa na mwingine. Haki ya mtihani ule imewekwa kwenye utaratibu unaomzunguka mwalimu, hata siku ambayo moyo wake uko kwingine. Mdahalo unahitaji taratibu za aina yake, lakini msingi ni ule ule.

Mwaka 2008, Gwen Ifill alipopangiwa kuendesha mdahalo wa wagombea wenza wa Marekani, Joe Biden na Sarah Palin, ilijulikana kuwa anaandika kitabu kuhusu kizazi kipya cha wanasiasa weusi, Barack Obama akiwa mmoja wao. Kelele zikapigwa: Obama akishinda, kitabu kitauzika. Mdahalo ukafanyika tarehe 2 Oktoba, na moja ya lawama zilizofuata ilikuwa kwamba Ifill aliwaachia wagombea wakwepe maswali bila kuwarudisha. Watu walikuwa wamekikodolea macho kitabu; upungufu ukatokea kwenye maswali ya ufuatiliaji.

"Jina lake la ukoo linakwambia anamtaka nani"

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu huku kwetu jina la mwanahabari huchambuliwa kabla hajafungua kinywa.

Tarehe 11 Februari 2013 Kenya ilifanya mdahalo wake wa kwanza wa wagombea urais, katika shule ya Brookhouse, Nairobi. Linus Kaikai na Julie Gichuru, kutoka vituo viwili vinavyoshindana, waliuliza maswali. Jukwaani walisimama wagombea wanane. Uhuru Kenyatta alikuwa na kesi katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na suala la namna atakavyoongoza nchi huku akijitetea likaibuka. Hapo ndipo Raila Odinga aliposema itakuwa vigumu kuendesha serikali kwa Skype kutoka The Hague, iliko mahakama hiyo. Kambi ya Uhuru ililalamika kwamba mtu wao ameonewa, na ikaonekana kana kwamba hatafika kwenye mdahalo wa pili. Hatimaye alifika, tarehe 25 Februari.

Sasa jiulize. Mgombea urais ana kesi kwenye mahakama ya kimataifa, na mwanahabari apite kimya? Kunyamaza hapo kungekuwa zawadi. Mwanahabari wa kabila lolote, mwenye kura ya upande wowote, angelazimika kuuliza. Lalamiko la maana lingekuwa jingine: je, wagombea wengine nao waliulizwa lile lililo gumu kwao? Hilo linajibika kwa kuirudia rekodi. Jina la ukoo halijibu chochote.

Na mtazamaji naye ana jicho lake. Mwaka 1985 watafiti watatu, Robert Vallone, Lee Ross na Mark Lepper, walichapisha utafiti uliofanywa Chuo Kikuu cha Stanford. Waliwaonyesha wanafunzi vipande vile vile vya habari za televisheni kuhusu mauaji ya Beirut ya 1982. Waliounga mkono Israeli waliona habari zimewapendelea Waarabu. Waliounga mkono Waarabu waliona zimeipendelea Israeli. Picha ni ile ile, maneno yale yale. Kwa hiyo ninaposikia pande mbili zote zinamlaumu mwendesha mdahalo, simtangazi kuwa mwadilifu kwa sababu hiyo, maana anaweza kuwa ameharibu kote kuwili. Ila najua hasira ya upande mmoja pekee haithibitishi kitu.

"Dakika zikilingana, haki imetendeka"

Saa ni ya lazima. Lakini saa hudanganya kuliko watu wanavyofikiri. Katika mdahalo wa wagombea urais wa Marekani kule Denver, tarehe 3 Oktoba 2012, Obama alizungumza takriban dakika nne zaidi ya Mitt Romney, na bado wengi waliotazama walisema Romney ndiye aliyeshinda. Kule Philadelphia, tarehe 10 Septemba 2024, Donald Trump alipata takriban dakika tano zaidi ya Kamala Harris, na bado kambi yake ndiyo iliyotoka ikilia kuonewa.

Nitaeleza niliyojifunza kwa mkono wangu. Miaka kadhaa iliyopita niliendesha mdahalo wa wagombea wa wadi moja. Nilikuwa na saa ya kupimia mezani, kengele, na kijana wa kuinua kadi nyekundu muda ukiisha. Nilitoka nikijisifu, maana dakika zilikuwa zimelingana. Wiki moja baadaye mama mmoja aliyekuwa ukumbini alinisimamisha sokoni, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, yule wa pili hukumpa nafasi." Nikamjibu muda ulikuwa sawa. Akaniambia, "Muda ndiyo. Nafasi hapana."

Usiku ule nilikaa na rekodi na daftari. Nikachora safu moja kwa kila mgombea, nikawa napiga kijiti kila nilipomkatiza. Yule ambaye ningempigia kura nilimkatiza mara tatu. Yule wa pili, kumi na moja. Kisha nikaandika maswali yangu ya ufuatiliaji neno kwa neno, na hapo ndipo nilipoona aibu. Wangu nilimuuliza, "Na hilo utalifanyaje?" Mwenzake nikamuuliza, "Lakini si kweli kwamba hilo haliwezekani?" Swali la kwanza linamfungulia mtu mlango, la pili linamkuta mlango umeshafungwa, naye atatumia nusu ya dakika zake kuubisha. Wala sikukusudia. Nilikuwa naamini nimetenda haki, na ningeapa hivyo.

Tangu siku ile naandika maswali ya ufuatiliaji kabla, yale yale kwa kila mtu: gharama yake ni shilingi ngapi, zitatoka wapi, utaanza lini. Siendeshi peke yangu. Nakaa na mwenzangu ambaye najua siasa zake na zangu hazipatani, naye ana ruhusa ya kunigusa mguu chini ya meza. Ngoma ikiwambwa na wawili wanaovutana, ngozi hukaa sawa. Na vijiti nahesabu kila mara, hata kama hakuna aliyelalamika.

"Swali kali ni dalili ya chuki"

Mwaka 1988, katika mdahalo wa wagombea urais wa Marekani, mwendesha mdahalo Bernard Shaw alimuuliza Michael Dukakis kama angetaka hukumu ya kifo endapo mkewe Kitty angebakwa na kuuawa. Swali hilo linatajwa hadi leo. Wachache wanakumbuka kwamba swali lililofuata, kwa mpinzani wake George Bush, lilihusu kifo chake mwenyewe: kwamba akishinda na kufariki kabla ya kuapishwa, mgombea mwenza wake Dan Quayle ndiye atakayekuwa rais. Unaweza kusema Shaw alivuka mpaka wa staha, na mimi naona hivyo kuhusu lile la kwanza. Huwezi kusema alivuka kwa upande mmoja tu.

"Akimsahihisha mgombea, amejiunga na mpinzani"

Tarehe 16 Oktoba 2012, Romney alidai ilimchukua Obama siku kumi na nne kuliita shambulio dhidi ya ofisi ya ubalozi wa Marekani kule Benghazi, Libya, tendo la ugaidi. Mwendesha mdahalo, Candy Crowley, akasema kwamba Obama kweli alikuwa amelitamka hilo. Ukumbi ukapiga makofi. Hapo hapo Crowley akaongeza kwamba ilichukua pia wiki mbili hivi kabla simulizi kwamba shambulio lilitokana na fujo za watu waliokasirishwa na video kuwekwa wazi, na kwamba Romney yuko sahihi kuhusu hilo. Nusu ya kwanza ikaenda dunia nzima. Ya pili ilimezwa na makofi.

Hapa siamini kuna jibu jepesi. Katika mdahalo wa Biden na Trump kule Atlanta, tarehe 27 Juni 2024, waendesha mdahalo Jake Tapper na Dana Bash hawakusahihisha madai jukwaani, wakalaumiwa kwa kuacha uongo upite. Miezi mitatu haijaisha, David Muir na Linsey Davis wakasahihisha kule Philadelphia, upande wa Trump, wakalaumiwa kwa kumwandama. Wengine husema masahihisho nayo yagawanywe nusu kwa nusu. Siwezi kukubali. Kama mmoja ametamka mambo matano yasiyo kweli na mwenzake mawili, kusahihisha mawili kwa mawili ni kumfichia wa kwanza matatu. Kinachoweza kulingana ni kipimo: nitasahihisha tu kile chenye waraka ulio mezani kwangu, kama takwimu ya bajeti au maneno yaliyorekodiwa, na wagombea wote wajue hivyo kabla ya kupanda jukwaani. Kisha kipimo hicho nikitumie hata kinapomkata yule ninayempenda.

"Upendeleo huonekana jukwaani"

Mara nyingi hutokea kabla. Mwaka 2016 CNN iliachana na Donna Brazile, mchambuzi wake, baada ya barua pepe zilizovuja kuonyesha kwamba aliipenyezea kambi ya Hillary Clinton maswali mapema. Aliyeharibu hakuwa hata muulizaji. Upo pia uamuzi wa nani aalikwe. Mwaka 2013 Paul Muite, mgombea urais wa Kenya, alikwenda mahakamani kudai nafasi jukwaani. Mwaka 2022 waandaaji wa Kenya waligawa wagombea urais makundi mawili kwa kura za maoni. George Wajackoyah akakataa kupangwa kundi la chini, na David Mwaure wa kundi hilo akajikuta peke yake jukwaani. Anayetaka kujua kama mdahalo ni wa haki angeanzia kwenye orodha ya wageni na kwenye kabati la maswali: nani ana ufunguo?

"Mgombea mmoja asipofika, hakuna wa kupendelewa"

Mwaka 2017 Raila Odinga alisimama peke yake katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, Uhuru hakutokea. Tarehe 26 Julai 2022, chuo kile kile, ilikuwa zamu ya Raila kutofika, na William Ruto akabaki na Yvonne Okwara na Eric Latiff kwa dakika 90. Wengi husema mdahalo wa namna hiyo hauna uzito. Mimi naona ndio mtihani mgumu kuliko yote. Mpinzani hayupo wa kudakia, kwa hiyo kila swali ambalo angeliuliza linakuwa deni la muulizaji. Asipolilipa, mdahalo umegeuka tangazo la kampeni la bure.

Yamenikuta studioni. Wagombea wanne walialikwa, akafika mmoja, naye ndiye niliyemtaka. Nilikuwa na nusu saa. Nilimpigia simu yule mwenzangu wa upande mwingine, aliyekuwa na zamu ya mapumziko, nikamwomba aniandikie maswali kama vile yeye ndiye mpinzani. Alinitumia tisa. Niliyasoma yote kama alivyoyaandika, bila kulainisha neno, na la sita lilimfanya mgombea wangu anyamaze muda mrefu hivi kwamba fundi wa mitambo aliinua kichwa na kuniangalia kupitia kioo, akidhani matangazo yamekatika.